Mashine ya beseni ya kuoshea santuri: uzoefu wangu Nakuru

Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi Kisumu miaka ya 1970 na ambaye hakupokea mshahara bila kununua angalau santuri moja ya benga au rumba, aliniachia sanduku lenye santuri zipatazo 140. Gramafoni niliipata bila taabu. Kilichonishinda ni uchafu: ukungu wa kule ziwani, vumbi la hapa Nakuru na mafuta ya vidole vya wageni wengi, kiasi kwamba gitaa lilisikika nyuma ya mlio kama wa bisi zinazopasuka katika sufuria.

Kabla ya kununua chochote nilimtembelea rafiki yangu wa Kisumu, ambaye ana mashine ya umeme ya kufyonza. Sitaidharau kazi yake, kwa sababu maji hunyonywa pamoja na uchafu na santuri hutoka ikiwa karibu kavu. Hata hivyo, mashine za aina hiyo hugharimu mamia ya dola, huunguruma, na huosha upande mmoja kwa wakati mmoja. Mkono wa kufyonzea wa mashine yake umekatwa kwa kipimo cha santuri kubwa ya sentimita 30. Kwa santuri ndogo za inchi 7 alilazimika kuagiza mkono mfupi kando. Sanduku langu karibu lote ni hizo ndogo, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, na anayezijua benga za zamani atakumbuka kwamba wimbo mara nyingi huanza upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili, ambako gitaa ndipo huchemka. Kuosha upande mmoja ni sawa na kusikiliza nusu ya wimbo.

Kwa hiyo nilichagua Spin-Clean, mashine ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ambayo kwa kweli ni beseni la plastiki lenye brashi mbili zinazotazamana. Nilitoa takriban dola 80, mbali na usafirishaji na ushuru. Santuri husimamishwa kwa ukingo wake juu ya magurudumu madogo, ambayo huhamishwa kulingana na ukubwa wake, kisha unaizungusha kwa mkono mara tatu mbele na mara tatu nyuma, na pande zote mbili huoshwa pamoja. Kwa kuwa haishikwi katikati, tundu likiwa pana au jembamba si hoja. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Maji ndiyo yaliyonifunza adabu. Mara ya kwanza nilitumia maji ya kisima cha mtaani, nikisahau kwamba haya ni maji yale yale yenye floridi nyingi yanayowaachia wengi wetu meno ya kahawia, na yanayopaka sufuria ukoko mweupe. Santuri zilipokauka zilikuwa na madoa meupe, na mlio ulizidi badala ya kupungua. Siku hizi ninanunua maji ya betri, yaani maji yaliyoondolewa madini, katika kituo cha petroli, nikisoma kibandiko kwa makini, kwa sababu rafu hiyo hiyo huuza asidi ya betri katika chupa zinazofanana. Gharama hii haitajwi mtu anapokusifia bei nafuu ya beseni, nayo hujirudia kila unapobadilisha maji. Mimi hubadilisha baada ya santuri 20, kwa kuwa zangu ni chafu mno.

Udhaifu wa beseni lolote ni kwamba uchafu hubaki katika maji yale yale ambamo santuri inayofuata itatumbukizwa, na kile kinachosalia juu ya santuri hukaukia ndani ya mifereji. Ninaosha, kisha ninasuuza katika karai la pili lenye maji ya betri pekee, ninapangusa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na kuisimamisha katika rafu ya vyombo ndani ya nyumba, kamwe si uani, ambako upepo hurudisha vumbi lote. Lebo mbili zililowa na kubanduka kwa sababu nilijaza maji kupita mstari ulio kwenye beseni. Hilo ni kosa langu. Mifuko ya karatasi ya zamani niliitupa yote, kwani ndiyo iliyokuwa ikitunza ukungu.

Santuri zilizokuwa na vumbi na mafuta tu zimepona, na besi ambayo sikujua kuwa ipo sasa inasikika. Zilizokwaruzwa zimebaki na mikwaruzo yake, ingawa sasa inasikika peke yake. Zile tatu za shelaki (utomvu mgumu uliotumika kabla ya santuri za plastiki), zinazozunguka mara 78 kwa dakika, nimezioshea maji bila dawa yoyote yenye spiriti, ambayo huyeyusha shelaki, na nimezikausha haraka. Kama sanduku langu lingekuwa na mamia ya santuri kubwa, ningeweka akiba ninunue mashine kama ya rafiki yangu.