Chujio za ETF mtandaoni: ipi inamfaa mtu wa huku kwetu?

Wadau, karibuni. Hapa kwenye skrini nimefungua tovuti za kuchambua ETF, ile mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa. Naanza na ETFdb, maana ukitafuta Google ndiyo wengi mnayoangukia.

Chujio lake ni jepesi. Unachagua sekta, ukubwa wa mfuko, ada ya mwaka, na orodha inapungua. Haya, nataka mifuko inayofuata fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa kama 500 za Marekani, nipange kwa ada. VOO ya Vanguard hii hapa juu, asilimia 0.03. SPY, kongwe kuliko zote zilizopo kwenye masoko ya Marekani, ya mwaka 1993, iko huku chini na 0.0945. Fahirisi ni ile ile, kampuni ni zile zile, lakini ada ni zaidi ya mara tatu. Kwa Mmarekani, kazi imekwisha hapo. Kwako wewe, bado.

Ukiwa Mombasa au Mwanza, gawio la mfuko uliosajiliwa Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 kabla halijakufikia, kwa sababu Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Ndugu zetu wa Maskati na Dubai, hata ninyi mmo. Mfuko uliosajiliwa Ireland ukinunua hisa hizo hizo unakatwa 15 tu, na Ireland yenyewe haimkati tena mgeni.

Tupige hesabu. Una dola 10,000, tuseme gawio la mwaka ni asilimia 1.3, yaani dola 130. Ndani ya VOO unalipa ada dola 3, kodi dola 39, jumla 42. Sasa chukua CSPX ya iShares, ya Ireland: ada ni asilimia 0.07, hizo dola 7, na kodi dola 19.50. Jumla 26.50. Ile "ghali" ndiyo nafuu! Na CSPX kwenye ETFdb hutaiona kabisa, kwa sababu haiuzwi kwenye masoko ya Marekani. Sijagusa hata kodi ya mirathi: mgeni akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, warithi wanaweza kudaiwa hadi asilimia 40. Mambo hayo huyakuti kwenye safu yoyote ya chujio.

Ndiyo maana mimi nashinda kwenye justETF. Imetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, na ukiingia mara ya kwanza inakuuliza uko nchi gani, orodha imejaa nchi za kwao; chagua yoyote uendelee. Naandika CSPX. Tazameni: ada 0.07, makao ya mfuko Ireland, na hapa kwenye gawio imeandikwa "Accumulating", maana yake hela haikujii mkononi, inarudishwa ndani kununua hisa zaidi. Makao ya mfuko unaweza kuyachuja huku kushoto, na kwangu hicho kitufe kimoja kinazidi mapambo yote ya ETFdb. Wanaotaka mifuko inayofuata sharia, andikeni "Islamic" kwenye kisanduku cha kutafutia. iShares MSCI World Islamic itatokea, ada asilimia 0.30. Bei ya juu kidogo, lakini ipo.

Kasoro yake? Grafu inafunguka kwa yuro. Mtu anayehesabu kwa dola akisahau kubadilisha, ataona faida ambayo si yake.

Ya tatu, ETF Research Center, naipitia haraka. Unaingiza mifuko miwili, inakuonyesha inavyolaliana. Weka VOO na QQQ, mfuko unaofuata kampuni kubwa za soko la Nasdaq, uone: Apple, Microsoft na Nvidia ziko juu pande zote mbili. Kuna watu wamenunua zote wakidhani wametawanya hatari. Nenda kwa kazi hiyo, kisha funga.

NewGold, ile ya dhahabu iliyoorodheshwa Nairobi tangu 2017, usiitafute kwenye chujio hizi mbili za mwanzo. Hiyo ifuatilie kwenye NSE, Soko la Hisa la Nairobi lenyewe.

Jambo la mwisho kabla hujamfungulia broka wako: nakili ISIN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha mfuko, usitegemee jina. Hii ya CSPX ni IE00B5BMR087. London inauzwa kama CSPX kwa dola, Frankfurt mfuko huo huo unaitwa SXR8 kwa yuro. Ukiona herufi mbili za mwanzo ni US badala ya IE, rudi kwenye ile hesabu ya 42 na 26.50.