Roboti ya kufagia inaogopa rangi nyeusi: ione mbele ya kutoa dola zako

Jambo yenu nyote wa Goma, na ndugu wa Bukavu mlioiulizia sana roboti hii ya mviringo inayotambaa kama kobe. Nguvu ya kuvuta, programu ya simu, hayo yako kwenye katoni, someni. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja.

Tazameni. Kwenye karo (vigae) nyeupe inaenda vizuri, inafuata ukuta, inageuka. Sasa natandika tapi (zulia) nyeusi mbele yake. Mmeona? Imefika ukingoni, imesimama, imerudi nyuma. Tena! Naibeba, naiweka katikati ya tapi: imejizungusha kidogo, sasa inalia kwamba imekwama. Na hakuna kilichoishika!

Naigeuza tumbo juu. Hivi vidirisha vya ukingoni ndiyo macho ya kuizuia isianguke kwenye ngazi. Kila jicho linatuma chini mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, na kungoja urudi. Usiporudi, roboti inajua hapa ni shimo. Rangi nyeusi inaumeza ule mwanga, basi kwake tapi yako ni korongo. Vumbi letu la lava nalo likiganda kwenye vidirisha, kelele ni ileile hata kwenye karo nyeupe. Panguseni kwa kitambaa kikavu kila baada ya kufagia mara mbili, tatu. Kuna wanaobandika utepe mweupe juu ya macho. Inakubali, juu ya tapi itapita, ila sasa hata shimo la kweli hailioni. Nyumba isiyo na ngazi wala baraza ya juu, sawa. Ya ghorofa, usijaribu.

Kichujio: kigongeni taratibu kwenye ukingo wa ndoo. Kisichooshwa msikioshe, kinachooshwa kianikwe saa 24. Kikirudi kibichi, vumbi linakuwa simenti na roboti haivuti tena. Vijiwe vinavyoingia na viatu, fagieni kwanza kwa mkono, maana vinakwama kwenye brashi. Na kile kitambaa cha kupiga deki? Kwenye vumbi letu kinapaka matope tu. Kitoeni.

Halafu kuraa, yaani umeme. Kituo cha kuchajia ndicho kinachotuma ishara ya kuiita roboti nyumbani. Kuraa ikikatika katikati ya kazi, kituo kinanyamaza, roboti inazunguka kukitafuta mpaka batri inaisha chini ya kitanda. Yale maroboti ya enginia Thérèse Izay, yaliyoanza kuongoza magari Kinshasa 2013, yaliundwa kula umeme wa jua. Hii yetu haikufikiriwa kwa mji wa kukatikatiwa.

Hata hivyo, sijasema ni takataka. Karo nyeupe, kuraa ya kutosha, watu wengi wa kusuka nywele: inaokota nyuzi vizuri kuliko ufagio, ila chomoeni brashi mkakate kwa wembe zilizojisokota kwenye ncha zake mbili. Yenye leza kichwani inachora ramani ya nyumba na haipotei ovyo, lakini bei inapanda, na ile tapi nyeusi inaiogopa vilevile. Muuzaji akikuambia haiogopi, beba kipande chako cha tapi mpaka dukani, aiwashe mbele yako.

Bonyezeni kengele. Wiki ijayo ni ile roboti ya kupanda madirisha na kuyapangusa: kuraa ikikatika, batri yake ya akiba inaishikilia kwenye kioo kwa muda mfupi tu, kwa hiyo tutaanzia pa kufunga kamba.