LOFTID: ngao ya joto ya kujaza upepo, kwa jicho la fundi turubai

Nyota: 4 kati ya 5

Kazi yangu ni kushona maturubai ya malori, Tandika. Kwa hiyo nilipoona picha za LOFTID, ngao ya joto ya NASA inayojazwa upepo, ya kukinga chombo cha angani na kukipunguza mwendo kikishuka kwenye sayari kama Mirihi, roketi sikuiangalia sana. Niliangalia kitambaa.

Cha juu ni nyuzi za silikoni kabaidi, kitu kilekile kilichopo kwenye msasa mweusi, kikafumwa kwa mitambo ya aina ileile inayofuma jinzi. Yaani watu wamechukua msasa wakaufanya suruali! Chini yake kuna matabaka ya kuzuia joto, kisha la kuzuia gesi isipenye. Umbo lenyewe ni pete zilizopangwa na kufungwa pamoja kwa mikanda, zikajazwa naitrojeni. Nyuzi za pete hizo, ukilinganisha kwa uzito, ni imara mara 10 kuliko chuma. Turubai langu la PVC likigusa ekzosi tu, kwisha habari. Hili linategemewa kwenye nyuzi joto 1,600 hivi.

Kwa nini kitambaa? Upana. Ngao ngumu haiwezi kuzidi kichwa cha roketi inayoibeba, na hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 2 ya uzito wa hewa yetu. Chombo kizito kisipotanua kifua hakipati cha kukipunguza mwendo. Perseverance, gari la utafiti la NASA lililotua Mirihi 2021, lilikuwa na ngao ya mita 4.5 kwa uzito wa kilo 1,025 tu. Watu wakitaka kushuka huko na nyumba na chakula chao, tunazungumzia makumi ya tani. LOFTID inasafiri imekunjwa, ikifika inafunguka hadi mita 6.

Ilijaribiwa tarehe 10 Novemba 2022, ikirushwa kutoka Vandenberg, California, kwa roketi ya Atlas V, safari moja na setilaiti ya hali ya hewa JPSS-2. Iliingia hewani kwa zaidi ya kilomita 29,000 kwa saa, ikashuka hadi chini ya 130 kabla ya parachuti, ikaangukia Pasifiki upande wa Hawaii. Ilipoopolewa bado ilikuwa imejaa, pete zimekaza. Hapo ndipo nilipovua kofia. Mshono unaobaki na upepo baada ya moto na maji ya chumvi si kazi ya mchezo.

Sasa lalamiko langu. Ni safari moja tu, tena ya kutoka mzingo wa Dunia, na mita 6 hazitoshi kwa mizigo hiyo ya makumi ya tani. Kubwa zaidi ni mkunjo. Turubai lolote likikaa limekunjwa muda mrefu, huanza kuchoka palepale kwenye kona ya mkunjo, na Mirihi ni mwendo wa kama miezi 7. Wakinionyesha moja iliyokaa imekunjwa miezi hiyo angani, ikafunguka na haivuji, nyota ya tano naiweka siku hiyohiyo.