Eastman, Rochester: fidla ya binti yangu, na kambi ya kiangazi

Wenzangu hapa Rochester, New York, huniuliza kama shule ya muziki ya Eastman ni ya watoto wa wenye pesa tu. Jibu langu: inategemea umeingilia mlango gani.

Wengi wanaijua kama chuo cha muziki cha University of Rochester, wanaposoma wale wanaotaka muziki uwe kazi yao. Lakini ipo pia Eastman Community Music School, inayopokea kuanzia watoto wadogo hadi wazee. Yote yalianza 1921 kwa pesa za George Eastman, yule tajiri wa kamera za Kodak. Ukumbi wao mkubwa ulifunguliwa 1922, na ukutani kwa nje wamechonga kwamba upo kwa ajili ya kustawisha maisha ya jamii. Na sisi si jamii? Nikaingia.

Binti yangu anasoma fidla kwa njia ya Suzuki. Mtoto anasikiliza kwanza, noti za kwenye karatasi zinakuja baadaye, na mzazi anakaa ndani ya somo aandike, ili nyumbani yeye ndiye awe mwalimu. Kwangu mimi niliyekulia Unguja hilo si geni. Wapigaji wangapi wa taarabu wamejifunza kwa kukaa karibu na wakubwa na kutega sikio? Tabu ni muda. Kama unafanya zamu za usiku, fikiria vizuri kabla hujalipa, maana kazi yenyewe iko nyumbani, katika zile siku za kati ya somo na somo.

Mwalimu wake ana subira ya ajabu. Kuna siku karibu nusu ya somo iliishia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia: kikunje, kilegeze, shusha upinde, haya tena. Mimi kimoyomoyo nahesabu dola. Wiki iliyofuata ule mkwaruzo uliokuwa ukitutoa chumbani haupo.

Fidla msinunue, kodisheni, lakini mtoto apimwe kwanza. Duka moja tulilokwenda lilitupa ya saizi ya nusu wakati mkono wake unataka ya robo, iliyo ndogo zaidi, eti "atakua tu". Anyooshe mkono wa kushoto, kiganja kikifikie kichwa cha fidla na kukikumbatia huku kiwiko kimepinda kidogo. Akilazimika kujivuta, irudisheni hapo hapo.

Sasa kambi ya kiangazi. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Kwenye somo la peke yake mtoto anajisikia mwenyewe tu. Kambini anakaa kwenye safu, anahesabu kimya chake, anawasubiri wenzake wa ala za sauti nzito wamalize ndipo aingie. Jioni moja alirudi amefura kwa sababu jirani yake aliingia kabla ya zamu "na hata hakuona aibu". Huyo ni mtoto ambaye mwanzoni ilibidi nimbembeleze hata kufungua kasha. Anayeanza kabisa hawezi kuruka masomo, lakini kama pesa ni ya kuongeza kitu kimoja, ongeza kupiga kwenye kundi kabla hujaongeza dakika za mwalimu.

Ada si ndogo, nisiwadanganye. Kama mtoto yuko shule za umma za mjini, ulizieni mpango wa Eastman Pathways, unaosaidia kulipia masomo; kuna usaili, kwa hiyo msingoje dakika za mwisho.

Na watu wazima msijitoe. Bendi za New Horizons, zilizokusudiwa hasa waliovuka miaka 50, zilianzia hapa hapa mwaka 1991 kwa Roy Ernst, profesa wa Eastman. Mume wangu ametishia kujiunga, achukue tarumbeta. Tunaishi fleti.

Mkienda mwishoni mwa Juni, acheni gari mbali na Gibbs Street, mtaa ilipo shule: tamasha la jazi linajaza mtaa mzima.