Trip tatu za boti Lamu na watoto, nililipa ngapi na nikapata nini

Naandika hii manake kila likizo ya shule ikikaribia simu yangu haitulii, shangazi wa Mombasa, mabinamu wa Nairobi, wote swali ni moja, boti ya kutembeza watoto Lamu ni pesa ngapi. Mimi nakaa Langoni, mtaa wa hapa Lamu mjini, na kwetu ndio gesti ya bure ya ukoo mzima, kwa hivo mwaka jana peke yake nimekodi boti mara tatu, Aprili, Agosti na Desemba, kwa watu watatu tofauti na bei tatu ambazo hata hazijuani. Majina sitaji, mji wetu mdogo, kesho nitakutana nao jeti, pale gatini boti zinapofunga.

Lakini nianze na mdogo wangu aliyeolewa Orlando manake yeye ndiye aliyenifunza kuuliza. Yeye na mumewe na watoto wao wawili walikuwa wanatafuta zile meli kubwa za matembezi zinazotoka bandari ya Port Canaveral kwenda Bahamas, basi kila usiku naletewa voisi noti ya dakika nane, anachambua kampuni za Disney, Royal Caribbean, Carnival na MSC kama mtu anayechagua mchele. Mie nilikuwa nadhani mambo ni rahisi, unaangalia iliyo chini unakata tiketi. Kumbe ile bei wanayobandika mbele ni ya kitanda na chakula tu, halafu inapigiwa hesabu ya watu wawili chumba kimoja. Juu yake kuna bakshishi ya wafanyakazi ambayo hukatwa kila kichwa kila siku, dola 16 na zaidi, na mtoto wa miaka mitatu naye ana kichwa. Piga hesabu watu wanne siku nne, ni zaidi ya dola 250 na bado hujanywa hata soda. Na hiyo soda ndiyo iliyonichekesha, Disney ambao bei yao ndiyo ilikuwa juu kuliko wote soda kwa chakula na pale juu kwenye bwawa ni bure, Carnival na Royal Caribbean unanunua. Intaneti unalipa. Royal Caribbean wana kisiwa chao CocoCay, kushuka na kuogelea na kula ni bure lakini ile sehemu yenye mabomba makubwa ya kuteleza na maji ina tiketi yake mbali. MSC nao wana ofa watoto wanapanda bure wakilala chumba kimoja na wazazi, ila ile "bure" kodi na ada zake za bandari unalipa vilevile.

Basi akaniambia neno moja, dada, usiulize bei ni ngapi, uliza nini hakimo. Laiti angeniambia kabla ya Aprili.

Aprili tulikuwa watu 11, wakubwa watano na watoto sita. Kijana mmoja alinifuata pale jeti akaniambia Takwa kwenda na kurudi shilingi 700 mkubwa, mtoto nusu, boti ya faiba yenye injini. Nikapiga haraka haraka, 5,600 watu wote. Nikajiona mjanja, manake wengine walikuwa wananiambia elfu tisa, elfu kumi. Chakula tutabeba wenyewe, nikapika biriani usiku mzima, nikanunua maji na soda na barafu, hapo 3,000 na zaidi imekwenda lakini sikuihesabu, unajua pesa ya jikoni mwanamke haihesabu.

Sasa wale wasioijua Takwa, ni magofu ya mji wa zamani kule kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17, bado msikiti umesimama na nguzo juu ya ukuta wa kibla, na watu wa kijiji cha Shela mpaka leo huenda huko kuomba dua. Ukienda kwa boti unapita mkono wa bahari katikati ya mikoko, na huo mkono maji yakitoka unabaki tope. Kila mtu Lamu anajua. Na siku hiyo ilikuwa mwezi kumi na tano Mfungo Mosi, yaani siku ya kumi na tano ya Shawwal, na maji ya bahari hufuata mwezi, basi ni bamvua lenyewe, maji hujaa sana na hutoka sana, yamejaa alfajiri na saa nne ya asubuhi hakuna kitu. Sisi tumetoka saa mbili unusu.

Mama mkwe wangu kabla hata hatujapanda aliangalia ule ukuta wa jeti ulivyo na maji chini akasema, "Mwanangu, mai yatoka haya," yaani maji haya yanatoka. Yule kijana akacheka akasema mama usijali, faiba haili maji, haihitaji kina. Na mimi mtu wa Lamu, binti wa mvuvi, nikanyamaza kwa sababu nishalipa arubuni. Hiyo aibu ni yangu siwezi kumpa mtu.

Saa tatu kasoro tukakwama. Sio kukwama kidogo, injini inatema tope, boti imelala ubavu, watoto kwanza wanafurahi wanaona kaa, baada ya nusu saa usubi ukafika na hapo furaha ikaisha. Hakuna turubali, kwanza jua kisha manyunyu, laifu jaketi zilikuwa tano na zote za wakubwa, mtoto wa binamu yangu wa miaka minne akivishwa anapotea ndani. Tulikula biriani yetu pale pale kwenye mikoko saa nne ya asubuhi ili watoto wanyamaze. Maji yakaanza kurudi, karibu saa sita ndio tukaelea. Takwa tulifika na lisaa limoja tu la kutembea, kiingilio cha magofu tukalipa wenyewe pembeni, na wakati wa kurudi kijana akaniambia mafuta yameisha sababu ya kusukumana na tope, niongeze 1,500. Nikaongeza. Ungefanyaje, uko Manda na mama mzee na watoto sita?

Kwa hivo ile 5,600 ilikwisha ikawa elfu kumi na kitu, bila kiingilio. Yule wa elfu kumi niliyemuona ghali alikuwa ameniambia chakula na maji humo humo.

Agosti nikaenda kwa mzee, nahodha wa zamani, jahazi lake la mbao lina tanga na injini ndogo ya dharura. Nilikuwa na orodha yangu kwenye simu nikamuuliza moja moja kama karani wa kortini. Bei ni ya boti au ya kichwa? Ya boti, 9,500, hata mkiwa sita hata mkiwa kumi. Chakula? Wali wa nazi, samaki wa kuchoma, kachumbari, tikiti maji. Maji ya kunywa? Yamo. Laifu jaketi za watoto? Akaniuliza wangapi na umri gani. Hapo tu nikamuamini, manake yule wa kwanza alinijibu "zipo" na zipo ndio zikawa zile.

Nikamwambia twataka Manda Toto, kile kisiwa kidogo cha kuzamia, watoto waone samaki. Akakataa. Nahodha amekataa pesa, mara yangu ya kwanza kuona. Akasema mama, huu ni msimu wa upepo wa kusi, nje kuna mawimbi na maji yamechafuka, utalipa na watoto watatapika na samaki hawatamuona, ngoja msimu wa kaskazi. Akatupeleka Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, kwa ndani ndani ambako upepo hausumbui. Na siku mbili kabla alinipigia simu kunihamishia saa, tusitoke saa mbili, tutoke saa nne tufuate maji. Mie peke yangu nikacheka kwenye simu, nikakumbuka mikoko.

Hii trip sina cha kusema kibaya isipokuwa choo, hakuna, na mwenye mtoto mdogo ajue hilo. Kwenda tulikuwa na upepo nyuma, tanga limejaa, hamna kelele ya injini, mama mkwe akalala usingizi kabisa juu ya mkeka. Matondoni watoto wakaonyeshwa fundi anavyopiga kalafati, ile pamba inavyogongwa kwenye nyufa za mbao, harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, imejaa pwani yote, mwanangu wa darasa la tano akauliza kwa nini boti inapakwa mafuta ya papa nayo inaogelea baharini na papa, mpaka leo fundi yule akiniona mjini ananiuliza mtoto wa papa yuko wapi. Kurudi upepo ukawa usoni, akabisha kidogo, yaani kwenda upande upande kuukata upepo, kuwaonyesha watoto jinsi tanga linavyogeuzwa halafu akawasha injini, na hakuniongeza hata shilingi ya mafuta kwa sababu hiyo alikuwa ameiweka ndani ya bei tangu mwanzo. Mabaharia nikawapa 500 kwa ridhaa yangu. Elfu kumi kamili, watu tisa, yaani elfu moja na mia moja na kitu kila mtu ameshiba.

Desemba akaja amu yangu, ndugu ya baba, kutoka Dubai na mkewe, na amu akiwa mjini hakuna kujadiliana bei na mtu jeti, yeye alifanya buking kupitia hoteli moja upande wa Shela, dola 45 mkubwa na 30 mtoto. Tulikuwa wakubwa wanne na watoto wanne, dola 300, kwa pesa yetu karibu elfu 39. Roho iliniuma na sio mimi niliyelipa.

Nitasema haki. Vitu vilikuwa vizuri. Magodoro meupe, kivuli boti nzima, taulo, juisi ya ukwaju baridi, laifu jaketi saizi tatu, na miwani ya kuzamia ya watoto inayokaa usoni kweli, sio ile inayoingiza maji. Tulienda Manda Toto na yule mzee wa Agosti alisema kweli, kaskazi ile bahari ni kama kioo, watoto walikaa ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana, yule mdogo wa miaka minne alishikwa mkono na baharia mwanzo mwisho akaona samaki wa rangi zote akatoka anapiga kelele. Hiyo siwezi kuipa bei.

Chakula sasa. Samaki kipande kama cha kupigia picha, majani mengi, mkate. Mama mkwe alikaa nacho kile kisahani akakigeuza akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho ni cha kuonja au ndio chenyewe. Tuliporudi nyumbani saa kumi na mbili mie nikaingia jikoni, dola 300 zimelipwa na bado nasonga ugali. Maji ya kunywa chupa moja kila mtu, ya pili inauzwa. Nikamkumbuka mdogo wangu na soda zake.

Halafu wakati wa kurudi nikamwangalia vizuri yule baharia aliyekuwa amemshika mtoto, nikamwambia we si ulikuwa na mzee Agosti? Akacheka. Ndio yeye, na nahodha wa siku hiyo ni mpwa wa yule mzee, hata boti ni ya huko huko kwao. Hoteli inawalipa elfu 12, mafuta juu yao. Amu alisikia akakaa kimya muda mrefu anaangalia bahari. Mimi sisemi wameiba, miwani ni ya hoteli, jaketi ni za hoteli, na kuna mtu kule ofisini anayepokea simu na anayejibu mambo yakiharibika, hata hiyo ina thamani yake na mgeni asiyemjua mtu Lamu pengine anunue huo utulivu. Lakini elfu 27 ya utulivu ni nyingi, jamani. Siku hizi nikitaka Manda Toto naenda kwa mzee moja kwa moja, miwani nimenunua zangu nne nikaweka kabatini, na zimeshajilipa.

Mdogo wangu naye mwisho alichukua Carnival, akanitumia picha amebeba chupa ya maji yake mwenyewe shingoni kila picha, hata ile ya chakula cha usiku na gauni.

Na yule kijana wa Aprili, kila nikipita jeti bado ananiita, mama, trip? Na mimi kila siku namjibu kwa swali moja, leo mwezi ngapi, ule wa mbinguni? Miezi mingi alikuwa anatoa simu kuangalia. Juzi nikamuuliza akajibu papo hapo, mwezi tisa mama, maji yanajaa saa tano. Nikasimama. Nikamuuliza, na laifu jaketi za watoto je?