Gitaa la umeme la zamani Lubumbashi: lipi ununue kwanza, lipi uliache

Ukiletewa gitaa la zamani, jina lililoandikwa kichwani lisubiri kwanza. Lilaze mapajani, funga jicho moja, tazama shingo kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani, vile seremala anavyokagua ubao kabla ya kuulipia. Ikiwa imenyooka, au imeinama mbele kidogo tu kwa mvuto wa nyuzi, mazungumzo ya bei yaanze. Ikiwa imejisokota, upande wa uzi mnene ukienda kwake na upande wa uzi mwembamba ukienda kwake, shukuru, rudisha, nenda nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu ya mji wetu. Hapa Lubumbashi potansiometa, kile kitufe cha kuzungusha sauti, inabadilishwa mchana mmoja. Jeki, yaani tundu la kebo, inapatikana. Mikro iliyokatika, yaani ile sumaku yenye waya inayosikia nyuzi, fundi anayesuka mota anaweza kujaribu kuisuka tena. Vanishi inapakwa. Lakini shingo iliyoharibika hatuna pa kuipeleka, na ubao wenyewe unateswa na majira. Kuanzia Novemba hadi Aprili unakunywa unyevu, halafu Mei kiangazi kinaingia, na ifikapo Agosti hewa ni kavu kiasi kwamba ncha za freti, vile vyuma vilivyopangwa kwenye ubao wa vidole, zinachomoza pembeni na kukukwaruza vidole. Shingo iliyoishi miaka 40 na ingali imenyooka imeshapita mtihani ambao gitaa jipya halijaufanya. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kununua la zamani, kuliko sifa za sauti ambazo kila muuzaji anaziimba.

Funzo hili lilinigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Les Paul, gitaa la Gibson, ya miaka ya 1970 kutoka kwa mtu aliyeipitisha mpaka wa Kasumbalesa. Nyeusi, inang'aa, nzito kama jiwe la shaba. Nikaipeleka Kamalondo kwa mzee mmoja anayetengeneza vyombo vya makanisa.

"Mwanangu, hii ilishavunjika shingo," akasema kabla hata ya kuichomeka.

"Baba, aliniapia haijaguswa."

"Pitisha ukucha hapa nyuma, chini ya kichwa."

Nikapitisha. Kulikuwa na mstari mwembamba chini ya rangi, kama kovu. Gundi ilikuwa imeshika vizuri na gitaa lilipigika, lakini nilikuwa nimelipa bei ya gitaa zima. Tangu siku hiyo nabeba tochi.

Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayetaka kupiga: orkesta, kanisa, harusi. Mkusanyaji ana mpangilio wake, nitamfikia mwishoni.

Nafasi ya kwanza: Mjapani wa 1975 hadi 1988

Sina shaka hata kidogo. Katika miaka hiyo viwanda vya Japani vilikuwa vinanakili magitaa ya Marekani kwa uangalifu ambao wakati mwingine Wamarekani wenyewe walikuwa wameuacha. Tafuta Greco, Tokai, Ibanez, Aria Pro II, na Yamaha. Kiwanda cha FujiGen Gakki, katika mji wa Matsumoto, kilitengeneza Greco na Ibanez nyingi za wakati ule. Mwaka 1982 Fender ilipoanzisha Fender Japan, kazi ilipewa kiwanda hichohicho. Namba za kwanza zilianza na herufi JV, na zilitoka 1982 hadi 1984. Squier, jina la pili la Fender, yenye JV ni gitaa la kuheshimiwa, ingawa wengi hapa wakiona neno Squier wanafikiri ni la mwanafunzi.

Bei yake nje ni mamia ya dola, na zile zinazotafutwa sana zinavuka elfu moja. Ongeza usafiri na ushuru wa forodha, DGDA, kabla hujafurahi.

Utakutana na wauzaji wa mtandaoni wanaoita kila nakala ya Kijapani "gitaa la kesi" na kupandisha bei. Kesi ilikuwepo: mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa inamiliki Gibson, ilimshtaki msambazaji wa Ibanez nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Ni kichwa, na ni Ibanez. Greco au Aria haihusiki, wala kesi haiongezi utamu kwenye nyuzi. Usilipie hadithi.

Kwa solo, gitaa linaloongoza, na mi-solo, lile la kati, ambako sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, inataka sauti safi inayokata juu ya ngoma, chukua Mjapani wa umbo la Stratocaster au Telecaster za Fender. Ila kumbuka mikro za aina hiyo, zenye koili moja, zinavuma karibu na groupe, yaani jenereta, na zinavuma zaidi penye nyaya zisizo na waya wa ardhi. Nyumba ngapi hapa zina waya wa ardhi? Ukipiga mara nyingi kwa groupe kwa sababu SNEL, shirika la umeme, imekata, Yamaha SG itakupa amani zaidi. SG2000 ilitoka 1976, shingo yake inapita mwili mzima, na mikro zake za koili mbili zinaua mvumo. Ni nzito. Ibada ya saa nne utaikumbuka begani.

Nafasi ya pili: Fender ya Marekani, 1971 hadi 1981

Kampuni ya CBS iliinunua Fender mwanzoni mwa 1965 na kuiuza 1985. Magitaa ya kati ya hapo yanasemwa vibaya, na kwa sehemu yamestahili. Stratocaster kuanzia 1971 ilifungwa shingo kwa skrubu tatu badala ya nne, na pale kazi ilipokuwa ya haraka shingo inacheza pembeni. Shika mwili kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, sukuma taratibu kushoto na kulia. Ukisikia "tik" na nyuzi za pembeni zikihama, jua.

Lakini ni shingo ya skrubu, na hilo kwetu ni jambo kubwa: siku ikifa, unaagiza nyingine na kuifunga mwenyewe. Gibson yenye shingo ya gundi haikupi nafasi hiyo. Tafuta lililo jepesi. Mengi ya miaka hiyo yanavuka kilo nne.

Namba ya Fender ilihamia kichwani 1976. Kabla ya hapo iko kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo, na bamba linabadilishwa kwa dakika tano. Usiiamini peke yake. Omba kufungua. Nyuma ya potansiometa kuna namba: zinazoanza na 137 zimetoka kampuni ya CTS, zinazofuata ni mwaka na wiki. 1376633 ni wiki ya 33 ya 1966. Haikuambii gitaa lilitengenezwa lini, inakuambia kwamba haliwezi kuwa la kabla ya hapo, isipokuwa potansiometa imebadilishwa, na lehemu mpya inayong'aa itakuambia hilo. Kwenye kisigino cha shingo za Fender za miaka ya 1960 kuna mhuri kama 2 MAR 66 B: 2 ni Stratocaster, B ni upana wa shingo pale juu, karibu milimita 41. Upana huo una maana kwetu. Katanga ni nchi ya kidole gumba na cha shahada. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, aliwafanya watu wa nchi nyingi wasikilize namna hiyo ya kupiga. Ukipiga hivyo bila plectre, kile kibamba cha kupigia nyuzi, shingo ya A, iliyo nyembamba zaidi, itakubana.

Besi

Hapa nasimama zaidi, kwa sababu ndicho chombo changu, na kwa sababu watu hununua besi kwa haraka kana kwamba ni kipande cha mwisho cha orkesta.

Ya kwanza ni umbo la Precision, Mjapani au Mmarekani, kwa uwezo wako. Fender iliitoa 1951, na tangu 1957 mikro yake imegawanyika vipande viwili vinavyofuta mvumo. Potansiometa mbili tu. Kitu kidogo cha kuharibika, sauti inayokaa chini ya tumba na haiondoki. Nimeona Precision iliyopasuka mwili, yenye kutu kila skrubu, ikibeba harusi nzima.

Ya pili ni Yamaha BB. BB1200 ya 1977 na ndugu zake ni besi za kazi, shingo imepita mwili, nyuzi zinaimba muda mrefu. Ikaguliwe mara mbili, maana shingo hiyo haifunguki. Bei yake bado iko chini ya thamani yake, sijui itakaa hivyo hadi lini.

Ya tatu ni Jazz Bass, iliyotoka 1960. Shingo nyembamba, milimita 38 kule juu, tamu kwa anayekimbia. Fungua sauti za mikro zote mbili sawasawa na mvumo unapungua. Punguza moja, unarudi. Ndiyo maana naiweka chini ya Precision kwa mji huu, wala si kwa sauti yake.

Music Man StingRay, ya tangu 1976, ni nzuri na ina betri ya volti 9 ndani. Fungua uangalie kama betri ya zamani imetapika. Majimaji yake yanakula saketi, na saketi hiyo huipati hapa.

Höfner 500/1, ile ya umbo la fidla ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961, naiweka mwisho. Ni nyepesi na nzuri. Lakini iko wazi ndani, ukipandisha ampli, yaani kikuza sauti, inapiga kelele, na nyuzi zake fupi ni za kuagiza. Nyuzi za besi kwetu ni mali. Wote tumezichemsha kwenye sufuria zirudishe sauti. Besi inayohitaji nyuzi za pekee itakuwa kimya nusu ya mwaka.

Na mpiga besi akague freti kuliko mtu yeyote. Mtu aliyefunga waya za breki ya baiskeli badala ya nyuzi amezichimba, na freti zilizochimbwa shimo chini ya vidole vitatu vya kwanza zinataka fundi mwenye mkono. Toa gharama hiyo kwenye bei.

Nafasi ya tatu: Gibson ya miaka ya Norlin

Kuanzia 1969 hadi 1986. Nyingi zina uvimbe nyuma ya shingo, pale chini ya kichwa, uliowekwa kuongeza nguvu kwa sababu vichwa vyao vinavunjika. Bado vinavunjika. Iliyovunjika na kugundishwa vizuri inafaa kwa mpigaji, ila bei ishuke karibu nusu. Kuanzia 1977 namba ina tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku. 81235067 ni siku ya 123 ya 1985. Ikionyesha siku ya 400, mwachie mwenyewe.

Nafasi ya nne: Framus, Eko, Egmond

Mjerumani, Mwitaliano, Mholanzi. Ukilikuta chini ya kitanda cha babu, lisafishe, lifunge nyuzi nyepesi, litunze. Kununua kwa ajili ya kazi, hapana. Vipuri vyake havifanani na vya mtu.

Kwa mkusanyaji

Kwake orodha inapinduka: Fender ya kabla ya 1965, Gibson yenye mikro za koili mbili za kwanza, kuanzia 1957, na juu ya yote Les Paul za 1958 hadi 1960, ambazo zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Stratocaster ya 1954, mwaka wake wa kwanza, ikiwa haijaguswa, ni makumi ya maelfu. Rangi iliyopakwa upya inakata karibu nusu ya thamani, kwa hiyo usimruhusu mtu "aipendezeshe".

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni mti. Ubao wa vidole wa magitaa mengi ya wakati ule ni rosewood ya Brazil, na tangu 1992 mti huo uko katika kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kuuvusha mpaka bila hati ni kosa, hata ukiwa kipande cha gitaa. Sisi wa Haut-Katanga tunalielewa hili kuliko wengi, tumeuona mukula, mti wetu wa mbao nyekundu, ukikatwa na kupakiwa kwenye malori hadi nao ukaingizwa CITES mwaka 2019. Muuzaji wa ng'ambo asiyetaka kushughulikia hati, mwache na gitaa lake.

Siku ya kununua

Beba kebo yako, tochi, bisibisi ndogo, na kipimo cha umeme. Chomeka kebo, pima kwenye ncha yake, sauti ikiwa imefunguliwa yote: koili moja ya Fender itasoma karibu kilo-omu 6, koili mbili 7 hadi 9. Isiposoma kitu, waya umekatika. Zungusha kila potansiometa; kukwaruza ni vumbi letu jekundu, dawa ya kupuliza inatosha. Piga kila freti kwenye kila uzi, taratibu, hata muuzaji akikasirika.

Ukinunua na ampli, tazama nyuma yake. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwetu ni 220. Transfoma inunuliwe kabla ampli haijachomekwa hata mara moja.

Gitaa likifika nyumbani, usimkabidhi fundi siku hiyohiyo. Lilegeze nyuzi nusu, liache ndani ya sanduku lake siku tatu, mbali na bati na dirisha, lizoee hewa ya hapa. Halafu likaze, litazame tena shingo kwa jicho moja. Ikiwa imesogea, chuma cha ndani ya shingo, kile cha kuinyoosha, kizungushwe robo duara tu, kisubiri hadi kesho, kisha robo nyingine.