Chakula cha usiku Tel Aviv: mgahawa upi wa kawaida wa kuchagua, na upi wa kuuacha

Kabla ya kuuliza mgahawa gani, uliza leo ni siku gani. Tel Aviv ni mji wa ufukweni unaokesha, lakini uko Israeli, na Sabato huingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi giza likishatanda. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na migahawa ya kosher (inayofuata sheria za Kiyahudi za chakula) huwa imefunga saa kadhaa nyuma. Mwezi wa Juni jua huchwea karibu saa mbili usiku, kwa hiyo Jumamosi ya kiangazi usitegemee mgahawa wa kosher uwashe jiko kabla ya saa tatu. Wanaofika na kikundi cha hija, wakalala usiku mmoja Tel Aviv kabla ya kupanda Galilaya au Yerusalemu, ndio hasa wanaonaswa na hili. Wanashuka Ijumaa, wanaoga, wanatoka na njaa, wanakuta mtaa mzima umeshusha milango.

Si mji wote unaofunga, lakini. Migahawa mingi ya Tel Aviv si ya kosher, na hiyo hufunguliwa Ijumaa usiku kama kawaida, imejaa kuliko siku nyingine yoyote. Ya kosher utaijua kwa cheti cha marabi kilichobandikwa ukutani au dirishani. Tofauti yake utaiona mezani. Mgahawa wa nyama wa kosher hauna maziwa, kwa hiyo ukimaliza kula usiagize kahawa ya maziwa wala aiskrimu ya krimu. Samaki wasio na magamba na mapezi hawapo, wala kamba, pweza na ngisi. Mtu wa pwani anayetamani pweza akae Jaffa, sehemu ya kale yenye bandari kusini mwa mji, kwenye migahawa isiyo ya kosher.

Kwa Waislamu, Jaffa ndiyo rahisi zaidi. Waarabu ni sehemu kubwa ya wakazi wake na majiko ya Waislamu yapo, ingawa hata hapo uliza kabla ya kukaa, maana kuna wanaouza pombe. Kuhusu nyama ya kosher wanazuoni wamegawanyika, kila mtu amfuate anayemwamini.

Orodha ifuatayo nimeipanga kwa mtu mwenye njaa ya jioni, asiye na haja ya kuvaa koti, anayetaka kula vizuri bila kuharibu bajeti ya safari. Angekuwa anatafuta chakula cha mchana, ningeipindua karibu yote.

1. Nyumba za mishikaki

Hapa ndipo pa kwanza, na sina wasiwasi. Ziko Jaffa na ziko mtaa wa Hatikva, kusini mashariki ya mji, hasa barabara ya Etzel, ambako familia za Wayahudi waliotoka Iraki na Yemeni waliweka majiko yao ya mkaa. Hatikva iko mbali na bahari, na watalii wachache hufika huko. Taa zake kali, meza za plastiki, televisheni ya mpira ukutani. Chakula ndicho kinachokupeleka.

Unakaa, na kabla hujafungua orodha ya vyakula meza inajaa. Vinakuja visahani kumi, kumi na tano, pengine ishirini: biringanya iliyochomwa ikapondwa na ufuta, biringanya ya kukaanga kwenye sosi ya nyanya, kabichi nyekundu, karoti zenye bizari, viazisukari, mahindi, hummus (dengu zilizopondwa), falafel za moto (vidonge vya dengu vya kukaanga), achari, pilipili za kuchoma, na saladi ya nyanya na matango iliyokatwa vipande vidogo sana. Unaletewa na mkate mpana wa moto, laffa. Visahani hivi haviongezi bei ukiagiza nyama, na vikiisha unaomba vingine. Ukitaka saladi peke yake, zina bei yake, na hiyo bei ni nafuu kwa asiyekula nyama.

Kosa la wageni ni kushiba kabla mishikaki haijafika. Kula nusu ya visahani, wacha mkate. Halafu agiza kwa mshikaki mmoja mmoja, maana nyumba nyingi huuza hivyo. Anza na paja la kuku lisilo na mfupa, ambalo wao huliita pargit, kisha kebab ya nyama ya kusaga ya kondoo na ng'ombe. Nyama ya ng'ombe ya vipande huwa ghali zaidi na mara nyingi ndiyo ngumu zaidi, iache. Anayependa viungo vya ndani amefika: mioyo ya kuku, maini, mara nyingine wengu. Watu wanne wakichanga hutoka wameshiba sana, na bei kwa kila mmoja ni chini ya mgahawa wowote wa mbele ya bahari.

Jaffa ipo Itzik HaGadol, jina linalojulikana na kila dereva wa teksi, kubwa na yenye kelele, nzuri kwa kikundi. Kwa wawili ningekwenda Etzel.

2. Samaki wa Jaffa

Kwa usiku wa Ijumaa hii inapanda namba moja bila mjadala. Migahawa ya samaki ya Waarabu kando ya bandari ya zamani ya Jaffa (ndiyo Yafa ya Matendo ya Mitume, alikokaa Petro nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi) hufunguliwa Sabato ikiwa imefunga kwingine. Maarufu kuliko yote ni The Old Man and the Sea. Mtindo ni uleule wa visahani kujaza meza kwa kasi ya kutisha, kisha samaki mzima wa kukaanga au wa kuchoma. Huduma ni ya haraka mno, hapafai mazungumzo ya mapenzi. Familia yenye watoto itapapenda.

Tahadhari ni moja: uliza bei ya samaki kabla hajaenda jikoni, na uliza kama ni ya samaki mzima au ya gramu. Dorado na samaki wengine wa kufugwa ndio wa bei ya kawaida. Ukiambiwa "wa leo, kutoka baharini", bei nayo imetoka huko huko.

3. Pita ya mkononi

Kama umechoka na safari na unataka kula dakika ishirini ukalale, achana na meza. Pita ya falafel ndiyo chakula cha jioni cha bei ya chini kuliko vyote mjini, kwa kawaida kati ya shekeli 20 na 30. Shekeli moja huzidi shilingi 30 za Kenya, kwa hiyo hata "rahisi" ya Tel Aviv si rahisi. Pita ya shawarma huweza kufika maradufu ya hapo.

Mimi ningechagua sabich. Ni pita yenye vipande vya biringanya za kukaanga, yai la kuchemsha, viazi wakati mwingine, ufuta, saladi, na juu yake amba, achari ya embe ya manjano yenye uchachu. Wayahudi wa Iraki ndio walioileta. Amba yenyewe walikuwa wameipata kwa biashara yao na Bombay, bahari ileile iliyotuletea sisi achari za embe za Mombasa na Unguja. Mswahili akionja hahitaji kuelezwa. Kuna na pilipili ya kijani ya Kiyemeni, skhug, yenye giligilani nyingi. Usiwe shujaa, anza na kijiko cha chai.

HaKosem, barabara ya King George, ina foleni ndefu lakini mara nyingi wanaosubiri hupewa falafel ya moto ya kuonja, na foleni inasogea. Miznon ya mpishi Eyal Shani, iliyofunguliwa 2011 na sasa ina matawi Paris na New York, huweka ndani ya pita vitu vya kimgahawa: nyama iliyopikwa muda mrefu, samaki, maini. Koliflawa yao nzima ya kuchoma ndiyo iliyoigwa duniani kote. Ni tamu, ila pita zao ni ndogo na za bei, na mtu mwenye njaa ya kweli atataka mbili.

4. Mtaa wa Wayemeni, na jiko la Tripoli

Kerem HaTeimanim uko nyuma ya soko la Carmel, hatua chache kutoka ufukweni. Supu ya mguu au mkia wa ng'ombe, mkate, na kibakuli cha povu la uwatu la kuchanganya humo. Kwa usiku wa Januari wenye upepo wa bahari sijui kitu bora. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za hapa ni za mchana, soko likifunga nazo zinafunga. Ulizia kwanza, ndiyo sababu nimeziweka namba nne.

Dr. Shakshuka, Jaffa, ni jiko la familia iliyotoka Libya. Shakshuka ni mayai yaliyoivia kwenye nyanya na pilipili hoho, na kwingine ni kifungua kinywa, lakini hapa huliwa saa zote pamoja na kuskus na samaki wa sosi nyekundu kali. Ni kosher, kwa hiyo Ijumaa usiku usiende.

Kwa asiyekula nyama, namba nne hii igawane nafasi na migahawa ya Waethiopia ya katikati ya mji. Injera yenye dengu na mboga za kuchemsha, watu wawili kwenye sinia moja, hushinda bei ya migahawa mingi ya mboga yenye jina kubwa.

5. Baa za chakula, zenye visahani vidogo na muziki

Vijana wa Tel Aviv wako hapa. Port Said, karibu na Sinagogi Kuu, ndiyo iliyotangaza mtindo huu: santuri, meza za nje, mboga zilizochomwa na mafuta ya zeituni, divai. Chakula ni kizuri kweli. Lakini visahani ni vidogo na kila kimoja kina bei yake, kwa hiyo bili hukua kimya kimya, na nafasi baada ya saa mbili usiku ni ya kusubiri barabarani. Nenda ukiwa umekula kidogo.

6. Hummus

Watashangaa wengi kuiona huku chini, kwa sababu ndiyo kila rafiki aliyefika huko anakuelekeza. Abu Hassan wa Jaffa anastahili sifa zote anazopewa. Lakini hummus nzuri ni chakula cha asubuhi na mchana. Dengu zile kubwa za rangi ya krimu huchemshwa usiku, hupondwa alfajiri, na chungu kikiisha mwenye duka anafunga, mara nyingi alasiri haijafika. Hummus inayouzwa saa tatu usiku kama mlo kamili kwa kawaida ni ya mtu ambaye hakuuza yake mchana. Na ni nzito, utalala nayo.

Ubishi wa hummus ni ya nani, Mwisraeli au Mpalestina, utausikia, pengine kutoka kwa mpishi mwenyewe. Hapo Jaffa mabakuli mazuri mengi yanatoka kwenye majiko ya Waarabu, na Wayahudi wanapanga foleni. Ukitaka kula kwa amani usianze wewe.

7. Safu ya mbele ya bahari

Mwisho kabisa. Ufuko wa Tel Aviv unaelekea magharibi, kwa hiyo jua linazama majini mbele ya meza yako, na hilo ndilo unalolipia. Kuna meza huko nilizolipia baga na viazi baridi bei ya mishikaki ya watu wawili. Kunywa kitu kimoja jua likizama, kisha tembea. Kutoka ufuko wa Frishman hadi Jaffa kwa barabara ya ufukweni ni mwendo wa chini ya saa moja, na njaa itakuwa imekomaa.

Usafiri: reli nyepesi ya laini nyekundu, iliyoanza Agosti 2023, inakupeleka Jaffa kwa urahisi, ila haifanyi kazi Ijumaa usiku. Siku hiyo tegemea teksi, matatu za sherut, au mabasi ya bure ya wikendi ya manispaa. Saa za kufungua nazo hubadilika hali ya usalama ikibadilika, kwa hiyo piga simu siku ileile, si siku iliyotangulia.

Maji ya bomba ni salama na ni bure, omba jagi, vinginevyo utaletewa chupa. Kodi imo tayari kwenye bei. Huduma haimo: wahudumu hutegemea bakshishi, na kawaida ni asilimia 10 hadi 15, 12 ikiwa hujui ufanye nini. Kwenye pita ya dirishani huhitaji kuacha kitu. Uliza kama bakshishi inaweza kupita kwenye kadi, maana kwingi wanaitaka taslimu, na ukimwambia mhudumu baada ya kadi kukatwa umechelewa.